Nchi Jirani: Meza ya Kando ya Barabara



Katika mji wa Kigali, makao makuu ya nchi jirani ya Rwanda, ziko Jumapili ambazo magari huzuiwa asubuhi kupita katika baadhi ya barabara kuu. Mpango huo ulianza mwezi wa Mei, 2016, ukiwa wa mara moja kwa mwezi. Mwaka 2018 ukaongezwa, ukawa wa Jumapili ya kwanza na ya tatu. Kwa saa chache barabara huwa mali ya waendao kwa miguu. Wengine hukimbia, wengine hutembea, wengine huendesha baiskeli. Na kwa kuwa Kigali ni mji wa vilima, hata yule atembeaye tu hutokwa na jasho. Viongozi wa ngazi za juu, pamoja na Rais wa nchi hiyo, wameonekana mara kadhaa katika msafara huo wakiwa na viatu vya raba kama watu wengine. Mwishowe watu hukusanyika mahali pamoja, wakanyoosha viungo kwa kumfuata mwalimu.

Mpiganaji au askari polisi akisikia habari hiyo atauliza: je, huo si mchakamchaka? Naam, ni mchakamchaka, ila hauna bunduki wala sajini wa kufoka. Wala si jambo geni kwetu. Mwezi wa Desemba, 2016, Mama Samia Suluhu Hassan, ambaye wakati huo alikuwa Makamu wa Rais, alizindua hapa nchini kampeni ya mazoezi na kuagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi itumike kwa shughuli hiyo. Nchini Uganda nako, mwezi wa Julai, 2018, iliadhimishwa siku ya taifa ya mazoezi ya mwili. Kwa hiyo, kama habari ya Kigali ingekuwa ni ya kukimbia peke yake, tusingekuwa na sababu ya kuwachosha wasikilizaji wetu.

Lakini kando ya mahali hapo pa mazoezi huwekwa meza. Juu ya meza huwapo mashine ya kupimia shinikizo la damu, yaani presha, na kifaa cha kupimia sukari. Na hapo hapo huwapo mizani. Mwananchi aliyekwisha kukimbia, na hata yule aliyekuja kutazama tu, hupimwa bila malipo na kuambiwa hali yake. Meza hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumzia leo, hasa pamoja nanyi mlio katika majeshi na katika polisi, kwa sababu ninyi mnasadikiwa na watu wote, na pengine na nyinyi wenyewe, kuwa hamuihitaji.

Imani hiyo ina asili yake. Kila mtu aliyepita katika chuo cha mafunzo anakumbuka jinsi alivyoingia kurutu na jinsi alivyotoka. Aliingia akihema baada ya nusu maili, akatoka akiweza kupanda mlima na mzigo mgongoni huku akiimba. Mwili wa namna hiyo mtu huuona kama cheo: akishavishwa, ni wake mpaka atakapostaafu. Kwa bahati mbaya mwili hauna utaratibu wa vyeo. Nguvu ya moyo na mapafu iliyojengwa kwa miezi tisa ya mafunzo huanza kupungua katika wiki chache tu baada ya mazoezi kukoma, wala haiwekwi akiba kama makato ya pensheni. Na kazi ya ulinzi, tuseme kweli, mara nyingi ni kazi ya kukaa. Yuko anayekaa kaunta ya kituo akiandika mashtaka, anayemwendesha mkubwa wa kikosi, anayetunza ghala, na anayesimama langoni saa kumi na mbili bila kutembea hatua mia moja. Sare zao ni zile zile, na gwaride la siku kuu wanaliweza. Ndani ya sare, hata hivyo, mambo yanabadilika kimya kimya.

Ushahidi wa jambo hili ni wa zamani, nao ulitoka kwa watu ambao, kama ninyi, walivaa sare. Katika mji wa London, baada ya Vita Kuu ya Pili, daktari mmoja aitwaye Jeremy Morris pamoja na wenzake waliwachunguza wafanyakazi wapatao 31,000 wa shirika la usafiri la mji huo. Mabasi ya huko yalikuwa ya ghorofa. Dereva alikaa kitini siku nzima, na konda alipanda na kushuka ngazi siku nzima akikata tiketi. Watu hawa walitoka katika mitaa ile ile na mishahara yao haikupishana sana. Hata hivyo matokeo yaliyochapishwa mwaka 1953 yalionyesha kwamba makonda waliugua maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na walipougua, ugonjwa wao haukuwa mkali kama wa madereva.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1956, wachunguzi hao hao walifanya jambo ambalo kila bwana stoo wa kikosi atalifurahia. Walikwenda kwenye madaftari ya sare. Walitazama vipimo vya suruali walizogawiwa madereva na makonda, wakaona viuno vya madereva ni vinene zaidi. Na wakakiri, kama wachunguzi waaminifu, kwamba tofauti hiyo ilionekana hata kwa vijana walioanza kazi karibuni, yaani yawezekana watu wenye miili mizito walikuwa wakivutwa na usukani tangu mwanzo. Ungamo hilo halikuuvunja ushahidi wao. Uchunguzi mwingi uliofuata, katika nchi nyingi na kazi nyingi, ulielekea upande ule ule. Sisi tunalotaka kusema ni dogo zaidi: daftari la sare la kikosi chako lina habari za afya yako. Ukilinganisha ukubwa wa suruali uliyochukua mwaka ulioajiriwa na ya mwaka huu, hutakuwa na haja ya kuambiwa na mtu.

Hapa msikilizaji makini anaweza kutupinga. Atasema kwamba watu wetu si watu wa London; hapa kwetu watu hulima, hubeba maji, hutembea. Ni kweli, na kuna hesabu za kuthibitisha. Mwezi wa Septemba, 2018, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walitangaza matokeo ya uchunguzi uliohusu nchi 168. Nchi iliyoonekana kuwa na watu wachache kuliko zote wasioshughulisha miili yao vya kutosha ilikuwa jirani yetu Uganda: asilimia 5.5 tu ya watu wazima. Msumbiji iliifuata kwa karibu, na Tanzania haikuwa mbali. Katika nchi ya Kuwait watu wa namna hiyo walikuwa asilimia 67. Mkulima wa Masaka, anayeondoka nyumbani na jembe alfajiri, alikuwa amewashinda matajiri wote wa dunia bila kujua kwamba kuna mashindano.

Basi ingetarajiwa kwamba ugonjwa wa shinikizo la juu la damu ungekuwa nadra katika nchi hizi. Sivyo. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2012, Uganda mwaka 2014 na Kenya mwaka 2015 ulionyesha, kila mahali, kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la juu. Na huko Kenya zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapata kupimwa hata siku moja katika maisha yao. Jembe peke yake, kwa hiyo, halitoshi. Damu hupandishwa shinikizo kwa njia nyingi: chumvi, unene, pombe, umri, urithi wa ukoo. Mtu anaweza kuzifunga njia mbili akaachwa wazi upande wa tatu. Na kwa kuwa ugonjwa huu hauumi, hakuna wa kumwambia ila mashine.

Nami niseme lililonifanya nichague mada hii. Mtoto wa baba yangu mkubwa alikuwa sajini wa polisi. Alipokuwa kijana alisifiwa kwa mbio. Baadaye alipewa kazi ya kutunza ghala la silaha, akakaa nayo miaka tisa. Ilikuwa kazi ya kuaminiwa, naye aliifanya kwa uaminifu, akikaa kwenye kiti kimoja nyuma ya dirisha moja la chuma. Mkanda wake ulikuwa na matundu yaliyotobolewa na fundi viatu, zaidi ya yale yaliyotoka kiwandani, na tulikuwa tukimtania. Asubuhi moja, akijitayarisha kwenda kazini, kikombe cha chai kilimponyoka mkono wa kulia. Alijaribu kufunga kifungo cha shati akashindwa. Mkewe alipomwuliza kuna nini, maneno yalimtoka yamevurugika na mdomo umekwenda upande. Alipofikishwa hospitali shinikizo lake lilikuwa 210 kwa 120. Alikuwa na umri wa miaka 47. Kila aliyekwenda kumtazama alimwambia muuguzi neno lile lile: huyu hajawahi kuugua.

Dalili hizo ndizo za kiharusi, na afadhali kila askari azijue kama anavyojua amri za kwata: uso kwenda upande, mkono au mguu kukosa nguvu ghafla, usemi kuharibika. Mwenye kuziona hasubiri zipite, hapaki mafuta, hampi mgonjwa kitu cha kula wala cha kunywa. Anampeleka hospitali saa ile ile. Hata zikipotea baada ya dakika kumi, anampeleka.

Sasa tuirudie meza ya Kigali na namna ya kuitumia mahali hapa tulipo. Zahanati ya kikosi ina mashine, na kama haina, ya wilaya inayo. Anayekwenda kupimwa asivute sigara wala kunywa kahawa kwa nusu saa kabla. Akae kitini dakika tano, mgongo ukiegemea, miguu yote miwili chini bila kuikunja juu ya mwenzake, mkono ukiwa juu ya meza usawa wa moyo, na anyamaze. Watu wengi hupimwa wakiwa wamesimama foleni wakibishana habari za mpira, na namba wanayopata si yao. Hupimwa mara mbili, kwa kupumzika kidogo katikati. Hesabu huwa mbili: ya juu ni nguvu ya damu wakati moyo unaposukuma, na ya chini ni nguvu inayobaki wakati moyo unapopumzika. Ikiwa ya juu inafika 140 au zaidi, au ya chini 90 au zaidi, na ikaonekana hivyo tena siku nyingine, huo ndio ugonjwa wenyewe. Siku moja peke yake haitoshi kumhukumu mtu.

Kwa kiuno hakuna haja ya mashine. Chukua kamba yenye urefu sawa na kimo chako, uikunje katikati, kisha uizungushe kiunoni usawa wa kitovu bila kuvuta tumbo ndani. Ikifika, vema. Isipofika, mafuta yamekusanyika tumboni, na mafuta ya mahali hapo huusumbua moyo na kuharibu utaratibu wa sukari mwilini kuliko yale ya mapajani. Tumbo hilo katika baadhi ya vikosi bado huitwa alama ya cheo, na watu hucheka. Yule sajini niliyemtaja alikuwa miongoni mwa waliocheka.

Tunajua kwa nini askari wengi hawaendi kupimwa. Si woga wa mashine. Ni woga wa daftari. Mtu hujiuliza: nikiandikwa kwamba nina presha, je, nitapelekwa kozi? Nitapandishwa? Au nitawekwa kando kama gari bovu? Woga huu haufai kudharauliwa, na wakubwa wa vikosi wanapaswa kuujibu kwa vitendo, kwa sababu hotuba haziuondoi. Ila na askari mwenyewe apime mambo kwa akili. Shinikizo lililogunduliwa mapema hutulizwa kwa kubadili chakula, kwa mazoezi, na ikibidi kwa kidonge kinachomezwa asubuhi, na mwenye nalo akaendelea na kazi yake miaka mingi. Lile lililofichwa ndilo linalomtoa mtu kazini, tena bila kumpa nafasi ya kuaga. Kidonge chenyewe kina mtego wake: mgonjwa akishaona namba imeshuka hudhani amepona, akaacha. Namba imeshuka kwa sababu ya kidonge, na kikiachwa hupanda tena.

Ama kuhusu mazoezi, kipimo kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kazi ya wastani, au nusu yake kwa kazi nzito, pamoja na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Mtu wa kaunta hawezi kusema kwamba nusu saa hiyo haipo, kwa maana yapo mazungumzo ya kantini yanayozidi hapo.

Jambo la kuangalia ni namna ya kuanza. Aliyekaa miaka mitano bila mazoezi, kisha akaamka Jumatatu moja kwa hasira akakimbia kilomita nane, hataonekana tena uwanjani mpaka mwezi ujao. Huyu aanze kwa kutembea haraka dakika 15 kila asubuhi, siku tano za wiki. Wiki ya tatu aongeze dakika tano, na kila wiki tano nyingine, mpaka itimie nusu saa. Hapo ndipo aanze kuchanganya: akimbie kidogo, atembee, akimbie tena. Kwa misuli, pushapu zianzie ukutani kwa kusimama, zihamie mezani, ndipo zishuke chini. Kuinuka kutoka kitini bila kushika chochote, mara kumi, kisha kupumzika na kurudia, ni zoezi kamili la mapaja kwa mtu wa makamo. Misuli inapofanya kazi huitumia sukari iliyo katika damu, na ndiyo sababu mwenye kisukari huagizwa mazoezi kama anavyoagizwa dawa.

Na hapa mchakamchaka unatupatia kipimo ambacho hakuna duka linalokiuza. Kazi ya wastani ni ile ambayo mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Kazi nzito ni ile ambayo hata kuzungumza hawezi ila maneno mawili matatu. Kijana anayekimbia mbele ya mstari na kuongoza wimbo kwa sauti kamili, kwake hiyo ni kazi nyepesi. Koplo mwenye miaka 45 aliye mwisho wa mstari, ambaye ameacha kuitikia tangu kona ya kwanza, anafanya kazi nzito sana, ingawa mwendo wao ni mmoja. Mkufunzi mwenye masikio atamgundua kwa ukimya wake kabla ya kumgundua kwa kuanguka. Vikosi vinavyowagawa watu katika makundi mawili au matatu kwa uwezo wao havijalegeza nidhamu yoyote. Na tuseme wazi kwamba kumrusha kichura mtu wa umri huo, bila matayarisho, kwa sababu amechelewa mstarini, si mazoezi ya afya. Ni adhabu, na magoti ndiyo yanayoilipa kwa miaka inayofuata.

Mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi inayokatika kupita kawaida, asimame na aende kwa mganga. Aliyekwisha kuambiwa ana shinikizo kubwa, amwone mganga kabla ya kuanza. Maji yanywewe, hasa pwani ambako jasho halikauki.

Tuje kwenye bwalo. Mtu mzima hapaswi kupita gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo imo chumvi yote: ya mboga, ya mkate, ya vidonge vya mchuzi, ya samaki wa ng'onda. Mpishi wa kikosi hapiki kwa kijiko cha chai, kwa hiyo tumfanyie hesabu yake. Bwalo linalolisha watu 100 chakula chote cha siku lisipitishe nusu kilo ya chumvi kwa siku nzima. Bwana mesi aangalie daftari lake la mwezi uliopita agawe. Tunadhani wengi watashtuka. Punguzo lisifanywe kwa siku moja, maana askari watanuna na chupa ya chumvi itapita meza kwa meza. Likifanywa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, ulimi huzoea. Ndimu, tangawizi na kitunguu saumu husaidia kuficha pengo.

Ugali si adui, ndugu wasikilizaji, ingawa siku hizi baadhi ya watu wa mjini wameugeuza kuwa mshtakiwa. Ugali wa kurutu aliyechimba handaki tangu asubuhi ni halali yake. Taabu huja pale mtu wa kaunta anapokula sahani ya kurutu. Apunguze mlima ule, aongeze maharage na mboga za majani, ambazo pamoja na ndizi na matunda mengine zina madini yanayosaidia kulishusha shinikizo. Soda moja ya chupa ya kawaida ina sukari ya kadiri ya vijiko vinane au tisa vya chai. Hakuna mtu ambaye angeitia yote hiyo katika kikombe chake mbele ya wenzake. Pombe hupandisha shinikizo. Sigara twende nayo haraka, kwa kuwa hakuna jipya: mwenye kuiacha, baada ya mwaka mmoja, ile hatari ya moyo aliyoongezewa na sigara hupungua kwa kama nusu.

Usingizi unahitaji neno zaidi, kwa sababu ninyi mnaulipia kazi. Anayetoka zamu ya usiku saa kumi na mbili asubuhi, akala chipsi mayai barabarani, akaenda kulala saa tatu katika chumba chenye jua na kelele, akaamka saa sita, amelala saa tatu tu. Akifanya hivyo mwezi mzima shinikizo hupanda, njaa huongezeka, na hasira huwa karibu, nayo hasira ya mtu mwenye silaha si jambo la utani. Ale kabla ya zamu, na usiku wa manane ale kidogo. Atundike kitambaa kizito dirishani. Aombe nyumba yake imtunzie saa saba. Na wapangaji wa zamu wajue kwamba kumhamisha mtu kutoka usiku kwenda mchana na kumrudisha usiku katika wiki moja ni kumchosha zaidi ya kazi yenyewe.

Wakubwa wetu wa vikosi tunawakumbusha jambo la Kigali ambalo huenda likapitwa. Wakazi wa mji ule hawakuhimizwa tu kukimbia, walifungiwa barabara. Serikali iliondoa kizuizi, ikaleta mashine mahali watu walipo, kwa saa inayojulikana, kila mara. Kamanda anayewaagiza watu wake wajali afya zao, na papo hapo akapanga lindo la saa kumi na mbili mfululizo lisilo na nafasi ya kutembea, ametoa amri mbili zinazopingana, na ile iliyoandikwa katika ratiba ndiyo itakayotiiwa. Meza, mashine, muuguzi mmoja, na Jumamosi ya pili ya mwezi baada ya mchakamchaka: hayo hayahitaji bajeti ya kutisha. Kamanda akiwa wa kwanza kuukunja mkono wa shati lake mbele ya watu, ule woga wa daftari tuliousema utakuwa umepata jibu.

Wapo watakaosema hawana uwanja wala njia salama ya kukimbilia. Mwezi wa Aprili, 2020, wakati wa ugonjwa wa korona ambapo wananchi wa Uganda walizuiwa kufanya mazoezi nje, Rais Museveni, akiwa na umri wa miaka 75, alionyeshwa katika picha za video akikimbia pekupeku ndani ya chumba, kutoka ukuta hadi ukuta, kisha akapiga pushapu. Watu walimcheka na watu walimsifu. Sisi tuliona kwamba chumba cha kambi hakina tofauti kubwa na kile, ukiondoa zulia.

Yule ndugu yangu alistaafu mapema. Mkono wa kulia umerudi nusu. Kifungo cha shati anakifunga kwa mkono wa kushoto. Kila asubuhi hutembea na fimbo kutoka nyumbani mpaka sokoni na kurudi, dakika 20 kwa mwendo wake, na Jumatatu ya kwanza ya mwezi huenda zahanati kupimwa. Mkewe humsindikiza. Huyu mama hulima ekari mbili, hubeba maji kichwani, na hakuwahi kukaa kiti kimoja kwa saa nzima tangu aolewe. Safari ya tatu muuguzi alimwambia, na wewe mama keti hapa. Akasema yeye hana ugonjwa, amemleta mzee. Akaketi kwa kumridhisha muuguzi. Mashine ikasoma 162 kwa 100, na wiki iliyofuata 158 kwa 98. Tangu hapo wanakwenda wawili, kila mmoja na kadi yake, na chungu cha mboga nyumbani kimepunguziwa chumvi kwa ajili ya wote.